Theluji Yetu ni Mabawa ya Kumbikumbi

Ndugu wasomaji wa ukurasa huu wa nyumbani, mwezi wa Januari mwaka jana shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, ambaye anaishi katika mji mdogo wa jimbo la Ontario nchini Kanada, alituletea picha kwa njia ya simu. Alieleza kwamba theluji ilianguka usiku kucha hata barabara zikaziba na shule zikafungwa. Kulipopambazuka watu hawakujikunyata ndani. Walivaa makoti mazito wakatoka nje. Wazee walishika makoleo wakasafisha njia, vijana walipanda kilima wakateleza kwa vibao vya plastiki mpaka chini, na watoto wake wakafinyanga theluji wakamsimamisha mtu mnene mwenye pua ya karoti. "Siku kama hizi," aliandika, "ndizo tunazojuana na majirani."

Mwanangu wa kiume, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka tisa, aliitazama picha ile kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, pasipo hasira wala deko, "Baba, wao mbingu ikimwaga wanafunguliwa mlango. Mbona sisi tunafungiwa?"

Naliona swali lile kuwa dogo, nikalijibu kwa mkato. Lakini lilinifuata ofisini, likalala nami, likaamka nami.

Sisi tunakaa Chisenga, wilayani Nchelenge, kwenye mwambao wa Ziwa Mweru, kaskazini mwa Zambia. Ng'ambo ya ziwa ni nchi ya Kongo. Mto Luapula huingia ziwani kutoka kusini, na maji hutoka upande wa kaskazini, karibu na Pweto, yakienda zake kwa mto Luvua. Huku theluji haijulikani. Majira yanayotawala maisha yetu ni kiangazi, ambacho ifikapo Oktoba hukausha hata fikira za mtu, na majira ya mvua, yanayoanza Novemba hadi Aprili. Mkoa wa Luapula ni miongoni mwa mikoa ya Zambia inayopata mvua nyingi zaidi, kupita milimita 1,000 kwa mwaka. Mvua ya huku haibishi hodi.

Pamoja na mvua huja mbu, na Nchelenge ni miongoni mwa wilaya za Zambia zinazoteswa sana na malaria. Katika majira ya mvua yaliyotangulia picha ile, mwanangu aliugua malaria kali. Usiku mmoja alipatwa na degedege mikononi mwa mama yake. Tulimkimbiza kwenye matibabu, na kwa rehema za Mungu alipona. Aliyepona ni mtoto. Hofu yetu haikupona. Tangu siku ile mama watoto aliweka amri: wingu likitanda, mlango ufungwe, na mtoto asionekane nje mpaka ardhi ikauke.

Mimi ni mtumishi wa serikali niliyesomea ualimu. Chuoni nilifundishwa kwamba mtoto hujifunza kwa kucheza, na niliandika hivyo katika mtihani nikapata alama nzuri. Hata hivyo amri ile ilipotolewa nilinyamaza. Naungama mbele yenu kwamba kunyamaza kulinifaa: mvua iliponyesha na watoto wakatulia ndani, nilipata nafasi ya kumaliza majalada niliyokuja nayo kutoka ofisini. Kumbe wakati huo mtoto aliyekuwa na kelele kuliko wote mtaani alikuwa akigeuka polepole kuwa mtu wa dirishani. Hakulalamika. Aliwatazama tu wenzake wakipita, akihesabu jambo kwa vidole, kama mfungwa anayehesabu siku.

Hapo nilimkumbuka marehemu baba yangu. Yeye alikuwa askari polisi, na mimi nilikulia katika kota za polisi huko Nakonde, mpakani na Tunduma, mahali nilipojifunza Kiswahili hiki sokoni na katika viwanja vya mpira. Wengi wenu mnaosoma gazeti hili mnaijua nyumba ya askari bila kuelezwa: buti mlangoni, pasi ya mkaa juu ya sare, na watoto wanaonong'ona mchana kutwa kwa sababu baba ametoka zamu ya usiku. Baba hakuwa mtu wa michezo. Alitupenda kwa ada ya shule na kwa unga usiokatika nyumbani.

Lakini jioni moja ya Novemba 1996, baada ya mvua ya kwanza ya mwaka, alirejea kutoka kazini, akavua buti, akakunja suruali ya sare mpaka magotini, akawasha kandili na kutuita sote nje. Uwanja wa kota ulikuwa umejaa kumbikumbi. Baba aliinua kandili juu ya karai la maji, nasi tukakimbia huku na huko tukiwakamata kwa mikono. Mmoja akamwingia baba katika ukosi wa shati, naye akacheka kicheko ambacho sikupata kukisikia kabla yake wala baada yake. Baba alifariki mwaka 2003. Nasaha zake nyingi kuhusu nidhamu nimezisahau, ingawa naamini zilinijenga. Jioni ile sijaisahau hata chembe. Basi nikajiuliza: mwanangu atanikumbuka mimi kwa lipi? Jibu nililoliona ni mgongo wangu, umeinamia jalada.

Nilimweleza mama watoto haja yangu kwamba mvua za Novemba zikifika tuwafungulie watoto. Nilimsimulia na habari za kandili. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Baba watoto, wewe unamkumbuka baba yako na taa yake. Mimi namkumbuka mwanangu akikakamaa mikononi mwangu. Tusishindane nani ana kumbukumbu nzuri zaidi."

Sikuwa na la kumjibu, kwa maana alisema kweli. Tulikaa siku nyingi bila kulirudia neno hilo. Mwishowe ni yeye aliyelirudia, usiku mmoja wa Oktoba, akiwa amekwisha kufikiri, na alikuja na masharti manne. La kwanza, hakuna mtu kutoka nje radi ikingali inanguruma, mpaka ipite nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. La pili, hakuna mtu kuingia ziwani wala katika mitaro iliyofurika, kwa kuwa ziwani kuna mamba na kichocho, na mtaro wa jana sio wa leo. La tatu, jua likizama kila mtoto avae nguo za mikono mirefu na suruali ndefu, na ifikapo saa mbili usiku wote wawe ndani ya vyandarua. "Na la nne," akasema, "wewe mwenyewe uwe nao. Si kuwatazama kutoka mlangoni." Niliyakubali yote.

Mvua ilikuja Jumamosi ya mwisho ya Novemba. Ilianza usiku wa manane, ikapiga juu ya bati kwa kishindo hata hatukuweza kusemezana. Ilipofika saa tatu asubuhi ikakatika ghafla. Tukahesabu nusu saa kwa saa yangu ya mkono, watoto wamesimama mlangoni kama askari wanaongojea amri ya kutembea. Nilipofungua, binti yangu mdogo alitoka kama mshale. Mwanangu hakutoka. Alisimama kizingitini, akamtazama mama yake, wala si mimi.

Mama yake akamwambia, "Nenda. Lakini viatu uache."

Ndugu msomaji, laiti ungeiona Chisenga asubuhi ile! Njia yetu ya udongo ilikuwa haipitiki kwa baiskeli wala kwa gari, na kwa hiyo ilikuwa imegeuka uwanja wa watu wote. Upepo wa usiku ulikuwa umeangusha maembe, na chini ya kila mwembe palikuwa na akina mama wenye ndoo na watoto wenye midomo ya manjano. Vijana walikuwa wakizibua mitaro kwa majembe, huku wakiimba. Wadogo walijenga mabwawa ya matope, wakayabomoa, wakajenga mengine. Wengine walifinyanga ng'ombe na malori kwa udongo wa mfinyanzi, wakayaanika juu ya mawe. Ikachezwa mechi ya mpira ambayo hakuna aliyejua ni timu ipi, maana wote walikuwa na jezi moja ya tope. Mimi niliteleza mara tatu. Mara ya tatu nilianguka miguuni pa mkubwa wangu wa kazi, ambaye naye alikuwa amekunja suruali, amebeba beseni la maembe kichwani. Tukatazamana, tukacheka, na tangu siku ile ofisini tunasalimiana vizuri zaidi.

Jirani yetu mmoja ni mvuvi mzee ambaye sote humwita Bashikulu, yaani babu, kwa heshima ya Kibemba. Yeye aliwakusanya watoto akawafundisha kuunda mitumbwi ya mabua na kuishindanisha katika kijito kilichopita nyuma ya nyumba, kijito cha kina cha kifundo cha mguu. Mwanangu alikuwa mgeni wa mambo haya. Mtumbwi wake wa kwanza ulizama, wa pili ukazama, wa tatu ukafika. Nilisikia ukelele ambao kwa miezi mingi sikuusikia nyumbani kwangu. Nilipogeuka nilimwona mama yake amesimama chini ya mwembe, amejifunika uso kwa khanga.

Alasiri, tulipokuwa tukijikausha kibarazani, watoto waliniuliza kama Afrika nayo ina theluji. Niliwaeleza kuhusu Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895, na jinsi barafu ya kileleni ilivyopungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu ilipopimwa mwaka 1912. Niliwasimulia pia habari ya Busara, karibu na Nyahururu nchini Kenya, ambako mnamo Septemba 2008 mvua ya mawe ilifunika mteremko mzima kwa tandiko jeupe. Wenyeji walidhani ni theluji. Walitoka majumbani wakaishika kwa mikono, wengine wakaionja, watu wazima wakacheza kama watoto. Wataalamu wa hali ya hewa walieleza baadaye kwamba yalikuwa mawe ya mvua yaliyogandamana. Mwanangu akasema, "Basi hata kama si theluji, walifurahi." Nikamwambia, "Naam, walifurahi."

Jua lilipozama kumbikumbi wakatoka. Kwanza mmoja mmoja, kisha kwa mamia, wakapanda kutoka vichuguuni kama moshi. Tulikuwa tumekwisha kuvaa mikono mirefu. Niliinua taa ya sola juu ya karai la maji, kama baba alivyoinua kandili. Nao wakaja, wakazunguka, wakatumbukia. Watoto walikimbia wakipiga kelele, na binti yangu akawa anamsihi kila kumbikumbi aje kwake kwa hiari. Mbali kidogo, juu ya ziwa jeusi, taa za wavuvi wa chisense zilikuwa zinameremeta. Kwa maana samaki wale wadogo nao huvutwa kwa mwanga wakati wa usiku. Bashikulu akatazama karai letu, akatazama na ziwa, akasema, "Chisense na inswa ni ndugu. Wote huponzwa na kupenda taa."

Niliwaeleza watoto kwamba kumbikumbi ni mchwa waliokomaa, nao hungojea mvua ilainishe ardhi. Huruka mara moja tu maishani, kisha hupukutisha mabawa, dume na jike hufuatana chini, wakachimba na kuanzisha makao mapya wakiwa mfalme na malkia. Wengi huliwa na ndege, vyura na binadamu kabla ya kufika huko. Saa mbili kasoro dakika tano mama watoto akatoa sauti moja tu, nasi tukaingia. Usiku ule aliwakaanga wachache kwa chumvi, pasipo kutia mafuta, kwa kuwa mafuta yao wenyewe yanatosha. Waliobaki tuliwaanika kesho yake na kuwapeta kwa ungo.

Asubuhi ya Jumapili mwanangu ndiye aliyetangulia kufungua mlango. Kibarazani, uani, na njiani kote palikuwa pametapakaa mabawa, maelfu kwa maelfu, mepesi, yaking'aa kwa jua la asubuhi. Alichota kwa viganja viwili akayarusha juu, yakashuka polepole kichwani kwa dada yake. "Baba," akaniita, "njoo uipige picha theluji yetu, tumpelekee mjomba."

Tulimpelekea. Mjomba alijibu kwamba watoto wake wameitazama picha yetu na kuuliza kwa nini Kanada hakuna theluji ya kuliwa na chumvi.

Furaha ile ilikuwa na mtihani wake. Kuanzia tarehe 1 Desemba uvuvi hufungwa katika maji mengi ya Zambia hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane, na askari wa doria hulinda amri hiyo. Bashikulu, nyavu zake zikiwa ghalani, alipata nafasi ya kututembeza porini kutafuta uyoga. Alituonyesha ule unaochipuka katika vichuguu, ambao mchwa wenyewe huulima ndani ya makao yao. Jamaa yake mmoja, Termitomyces titanicus, aliyeelezwa rasmi na wataalamu mwaka 1980 kutokana na uyoga wa Zambia hii hii, huweza kufunua kofia yenye upana wa karibu mita moja. Bashikulu alirudia onyo lake kila hatua: uyoga usioujua haujui wewe ni nani, uache hapo hapo. Hatukuweka kikapuni hata mmoja ambao hakuukagua.

Siku tatu baada ya matembezi yale, usiku, mwanangu akaamka na homa, anatapika. Nilimwona mama yake akimpapasa kipaji cha uso. Hakunilaumu kwa neno lolote, na laiti angenilaumu ningepata nafuu. Tulikwenda kupimwa usiku ule ule, kwa sababu homa ya mtoto katika nchi ya malaria haingojei mapambazuko. Njia nzima nilikuwa najiambia kwamba nimemuuza mwanangu kwa ajili ya kumbukumbu yangu mwenyewe. Mganga alimtoboa kidole. Tukangoja. Kipimo kikaonyesha hana malaria. Akaulizwa amekula nini, naye, baada ya kusitasita sana, akakiri maembe kumi na moja, matano kati ya hayo yakiwa mabichi. Mama yake alicheka mpaka akalia, au pengine alilia mpaka akacheka, sikuthubutu kuuliza.

Nilitazamia kwamba baada ya usiku ule mlango wetu ungefungwa tena. Tulipofika nyumbani mama watoto alikaa kitandani kwa muda, kisha akasema, "Mwaka ule tulimfungia ndani kila mvua, na homa ikimjia nilikuwa sijui imetoka wapi. Sasa najua alikula nini, alikanyaga wapi na alikuwa na nani." Hakuongeza neno. Mvua kubwa ya wiki iliyofuata ilipokatika, nilitoka chumbani nikakuta karai limekwisha kuwekwa uani, na maji yamo.

Ndugu wasomaji, hasa ninyi mnaokaa makambini na katika kota, ambao kazi yenu huwaita usiku na mchana, siandiki haya ili kumfundisha mtu namna ya kuilinda nyumba yake. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Mimi sitampa mwanangu ziwa lenye mamba hata akililia mwaka mzima. Chandarua kikae kitandani, homa ipimwe siku ile ile, na radi iogopwe. Lakini mtoto halindwi na mlango uliofungwa peke yake. Hulindwa zaidi na mzazi aliye karibu naye nje, mwenye tope magotini, anayejua kina cha kijito. Likizo zenu ni fupi, najua, na zamu ni nyingi. Hata baba yangu alipata jioni moja tu, nayo imenitosha hadi leo. Mvua ikikatika huko mliko, na kama siku hiyo huna zamu, vua buti, uwatangulie watoto nje.